Jumamosi Mji wa Kale: Warsha ya wafanyakazi wa chuo na mchango uliomezwa na simu

Ukishuka kwenye tuktuk mbele ya Fort Jesus, safari ya magurudumu imeisha. Kuanzia hapo ni miguu. Unaingia Ndia Kuu, unapita maduka ya vinyago, unampisha kijana wa mkokoteni wa maji, kisha unakata kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana, mmoja lazima ageuke ubavu. Nyumba niliyokuwa nikiitafuta ina baraza ya mawe mlangoni na ngazi za mbao zilizosimama kama za kupandia mnazi. Juu kuna chumba kirefu chenye mikeka, madirisha mawili, na siku hiyo kulikuwa na watu 31 wanaofanya kazi katika chuo kimoja hapa kisiwani Mombasa.

Nilikuwa nimealikwa dakika 40 tu, nizungumze kuhusu akaunti za vikundi kwenye simu, kisha niende zangu. Nilikaa hadi adhana ya alasiri.

Hawa watu hukutana Jumamosi moja kila mwezi. Wanaiita warsha, ingawa ukiwakuta utadhani ni arusi inayongoja bwana harusi achelewe. Kwenye pembe moja muuguzi anapima presha. Kwenye mkeka wa katikati kuna fundi wa kofia za vito anayewafundisha kushona: namna ya kutoboa kitundu kidogo kwa sindano, kukizungushia uzi hadi kikaze, halafu kuhamia cha pili. Wengine wameshika daftari, wengine wamelala tu chali wakiangalia boriti, na hakuna anayewauliza. Mahamri na mbaazi hufika saa nne. Kabla ya adhuhuri huwa na mazungumzo ya jambo moja, na jambo hilo wanalichagua wenyewe mwezi uliotangulia.

Kinachofanya nikuandikie habari hii, msomaji wetu, ni nani waliokuwa wameketi pale. Kulikuwa na mhadhiri wa hesabu. Karibu naye mtunza maktaba, fundi wa maabara aliyebakisha mwaka mmoja kustaafu, na katibu wa ofisi ya usajili. Halafu kulikuwa na akina mama watatu wa usafi, askari wawili wa lango, na walimu wanaolipwa kwa saa. Katika vyuo vingi watu hawa hupitana kila siku kwenye korido, wakaamkiana, na mambo yakaishia hapo.

Haikuanza hivi.

Warsha ya kwanza ilikuwa ya hoteli

Kikundi kilipoanza, chuo ndicho kilichoandaa. Walipelekwa hotelini, upande wa pwani ya kaskazini, siku nzima. Pesa zilikatwa moja kwa moja kwenye mshahara, shilingi 2,500 kila mtu. Mtaalamu alikuja na picha za ukutani akaeleza uchovu wa kazini: kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuingiza katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa kama hali inayotokana na kazi, wala si ugonjwa wenyewe. Akaeleza pia hesabu iliyotolewa mwaka 2022 na shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani, kwamba ulimwengu hupoteza takriban siku bilioni 12 za kazi kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Mambo ya kweli kabisa. Watu wakapiga makofi, wakala samaki, wakarudi.

"Nilikaa pale nikasema, haya ni yangu kweli," fundi wa maabara aliniambia. "Lakini nikitazama meza zote, yule mama anayeosha maabara yangu kila asubuhi hayupo. Yeye ndiye ana presha, mimi namjua. Nikauliza mbona? Nikaambiwa, hayumo kwenye orodha ya mishahara."

Na kweli hakuwemo. Akina mama wa usafi na askari wameajiriwa na kampuni za nje. Walimu wa saa hulipwa kwa vocha, na wakati mwingine baada ya miezi. Chuo kinachokusanya mchango kwa kukata mshahara kinaweza kuwafikia wale tu ambao kinawakata mshahara. Hakuna aliyekaa akaamua kuwatenga wafagiaji. Njia ya kulipia ndiyo iliyowatenga, na hakuna aliyeliona hilo kwa sababu wote waliokuwa hotelini walikuwa wamekatwa tayari.

Fundi huyu na katibu wa usajili ndio waliosema tuhamie Mji wa Kale, chumbani kwa jamaa, tuchange shilingi 500 kwa simu, na mlango uwe wazi kwa kila anayeingia getini pale chuoni asubuhi kufanya kazi. Mwezi wa kwanza walikuwa 14.

Nikupe hesabu yao, maana watu hudhani mambo haya yanahitaji wafadhili. Chumba ni 2,000. Fundi wa kofia 3,000, vitambaa na nyuzi 1,800. Muuguzi anapewa 2,000, ingawa mara ya kwanza alikataa. Chai, mahamri na mbaazi kwa watu 31, shilingi 120 kila mmoja, ni 3,720. Jumla 12,520. Wakichanga wote 500 inapatikana 15,500, na zinabaki 2,980 za mwezi ambao mtu ana msiba au mwalimu wa saa hajalipwa.

Si jambo geni mtaani hapa

Nilipomaliza kuandika hesabu ile, mtunza maktaba alicheka. Akasema mabibi zetu walikuwa na hesabu ngumu kuliko hii, na hawakuwa na simu.

Alikuwa akizungumzia vyama vya lelemama. Nusu ya kwanza ya karne ya 20, wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya ngoma vyenye vyeo, sare na wapinzani wao. Mtafiti Margaret Strobel aliviandika katika kitabu chake kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, kilichotoka mwaka 1979. Walishindana kwa nyimbo na kwa karamu, na gharama ilikuwa kubwa. Lakini chama kilekile kilichomchosha mtu kwa mchango wa ngoma ndicho kilichosimama mlangoni pake akiwa na arusi au maiti. Na ndani yake walichanganyika wanawake ambao nje ya chama jamii iliwaweka ngazi mbalimbali, waungwana na wenye asili ya utumwa.

Hata elimu ya juu yenyewe kisiwani hapa ina mkono wa michango. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kile cha Tudor, mizizi yake ni ile Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, na miongoni mwa waliotoa fedha ni Sultani wa Zanzibar na Aga Khan. Baadaye ikawa Politekniki, na mwaka 2013 ikawa chuo kikuu kamili. (Chuo ninachokisimulia leo ni kingine, kidogo, na hawataki kitajwe. Nimewaelewa.)

Simu ilipoanza kubeba pesa Kenya, Machi 2007, haikutufundisha kuchanga. Ilirahisisha tu safari ya pesa. Na jambo likirahisishwa huleta balaa lake jipya, kama alivyogundua katibu wa usajili.

Kilichompata mweka hazina

Katibu huyu ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kwanza. Ana miaka 19 pale chuoni. Ni mtu ambaye ukipoteza cheti chako yeye ndiye atakayekitafuta. Kila mtu alimtumia mchango kwenye namba yake ya kawaida, ileile anayotumia kununulia mboga Marikiti na kulipia stima.

Mwezi wa nne, mtoto wa dadake alirudishwa nyumbani kwa karo. Akatumia ovadrafti ya simu: unalipa ingawa salio halitoshi, na huduma inakujazia. Haikutosha mara moja, akaitumia tena, na tena. Pamoja na ada za kila siku deni likafika shilingi 6,180. Akasema mwisho wa mwezi nitalipa.

Kabla ya mwisho wa mwezi ikafika wiki ya kuchanga.

Hapa naomba uende nami polepole, kwa sababu wateja wengi hawalijui hili mpaka liwakute. Ovadrafti ya simu haingoji wewe uilipe. Pesa yoyote inayoingia kwenye laini ile, deni hujikata kwanza. Haijui kama ni mshahara wako, zawadi ya sikukuu, au mchango wa mama wa usafi. Mchango wa kwanza wa 500 uliingia ukamezwa. Wa pili ukamezwa. Michango 13 ya mwanzo, yaani shilingi 6,500, ilipokwisha kuingia, katika simu yake zilikuwa zimebaki 320.

Na ujumbe ulikuwa ukimwambia kila mara: umepokea 500 kutoka kwa fulani. Alikuwa akiusoma ujumbe, anaweka tiki daftarini. Salio hakuliangalia mpaka Ijumaa usiku, alipotaka kumlipa mwenye chumba.

"Nalikaa kitandani na ile simu mpaka asubuhi," aliniambia. "Nikasema, kesho niseme nimeumwa. Halafu nikasema, nikisema nimeumwa, Jumatatu nitasema nini?"

Alikwenda. Akasimama pale pale kwenye mkeka, mahamri hayajafika na hayakuwa na wa kuyalipia, akaeleza. Kukawa kimya, halafu kukawa na kelele. Askari mmoja, ambaye 500 kwake ni chakula cha siku mbili za nyumbani, alisema wazi kwamba ameibiwa. Mwengine akasema wakubwa ndio zao. Usidhani watu walikumbatiana. Wawili hawajarudi hadi leo.

Aliyetuliza ni fundi wa maabara. Alimwambia, "Bibi, lete simu. Tuione sote." Wakaomba taarifa ya akaunti, ikaja, mtunza maktaba akaisoma mstari kwa mstari kwa sauti. Imeingia 500 saa mbili na dakika kumi. Saa hiyohiyo imekatwa 500. Walipofika mstari wa tano, yule askari akauliza, "Kwani hii inajikata yenyewe?" Akaitoa simu yake mfukoni akaanza kuitazama.

Deni kwa kikundi alililipa kwa miezi mitatu, 2,000 mara mbili, kisha 2,180. Mweka hazina si yeye tena. Lakini katika kikundi yumo.

Nitasema jambo ambalo huenda wenzangu wa ofisini wasingependa liandikwe hapa: kampuni kama yetu ndizo zinazotoa huduma hizi, na maelezo kwamba deni hujikata kwenye pesa inayoingia huwa yamo, katika vile vigezo na masharti ambavyo mimi na wewe tumevibonyeza "nakubali" bila kusoma. Kwa hivyo nimeyaandika hapa kwa Kiswahili cha kawaida. Ikiwa una ovadrafti au umewahi kuifungua, usipokee pesa za watu kwenye laini hiyo. Hata kama leo huna deni.

Wanachofanya sasa

Pesa zinaingia kwenye akaunti ya kikundi. Zinasajiliwa kwa jina la kikundi, viongozi ni watatu, na haitoki shilingi mpaka wa pili na wa tatu wathibitishe kila mmoja kwenye simu yake kwa namba yake ya siri. Watatu hao hawakuchaguliwa kwa cheo. Ni mhadhiri mmoja, mama mmoja wa usafi, na mtunza maktaba. Nilimuuliza mhadhiri kama si usumbufu kumsubiri mama wa usafi amalize ghorofa ya tatu ndipo malipo yatoke. Akasema usumbufu ndio walioutaka.

Mambo mawili waliyoamua yalinishangaza, na mimi ndiye niliyekwenda kufundisha.

La kwanza, hawaweki orodha ya waliolipa kwenye kikundi cha WhatsApp. Unaijua ile orodha: namba 1 hadi 31, tiki za kijani, na wewe namba 17 huna tiki, watu wote wanakuona. Mwalimu wa saa ambaye hajalipwa tangu muhula uliopita aliacha kuja kwa sababu ya nafasi hiyo tupu mbele ya jina lake. Sasa wanaandika jumla tu: "Mwezi huu zimeingia 13,500." Viongozi watatu wanajua nani hajatoa, na hawasemi. Mwalimu amerudi.

La pili, anayetuma anatakiwa kuangalia jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, na viongozi wanaangalia salio, si ujumbe. Hili la ujumbe tumelisema humu mara nyingi. Wiki za michango ndizo wiki za matapeli, mtu anatuma ujumbe wa uongo unaofanana na wa kweli, kisha anapiga simu kwa sauti ya huruma, "Mamangu, nimetuma kimakosa, nirudishie." Usirudishe kwa mkono. Fungua salio. Kama pesa imeingia kweli, aliyekosea aombe kurejeshewa kupitia kampuni, na si kupitia huruma yako.

Karatasi ndani ya kofia

Lakini mchango ni mlango tu. Nilitaka kujua kama warsha yenyewe inamsaidia mtu, maana kushona kofia ni kuzuri ila hakulipi karo.

Wakanieleza mwezi wa mkopo. Baada ya kisa cha katibu, jambo lililochaguliwa kwa mazungumzo lilikuwa moja tu. Kila mtu alipewa kipande cha karatasi, aandike bila jina madeni yake yote: Sacco, benki, duka, ovadrafti, mikopo ya programu za simu. Karatasi zikakunjwa zikatiwa ndani ya kofia ya vito ambayo haijamalizika, ikazungushwa, kila mmoja akachomoa ya mwenzake akaisoma.

Mhadhiri wa hesabu alichomoa karatasi yenye mikopo mitano ya simu. Askari akachomoa karatasi yenye mkopo wa gari, na jumla iliyomfanya aisome mara mbili. "Nalidhani wenye tai hawana shida," alisema, na chumba kizima kikacheka, hata mwenye karatasi, yeyote aliyekuwa.

Kisha wakaitoa karatasi ya mshahara wakaichambua, kazi ambayo wengi hawakuwahi kuifanya. Kodi. NSSF. Bima ya afya ya jamii, asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024 ilipochukua nafasi ya NHIF. Nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Halafu Sacco, halafu benki. Na hapo mhadhiri akawaeleza kanuni ambayo kila mfanyakazi wa Kenya anafaa aijue: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema jumla ya makato isizidi theluthi mbili ya mshahara. Theluthi moja lazima ifike mkononi.

Kanuni nzuri. Ila simu haimo ndani yake. Ofisi ya mishahara inaona mkopo wa benki kwa sababu inaukata yenyewe. Mikopo ya simu haiioni. Mtu anaweza kubaki na theluthi yake kamili kwenye karatasi, shilingi 14,000, ikaingia kwenye simu saa tatu usiku na kufikia saa tatu na dakika moja imebaki 5,000. Kisheria hakuna aliyevunja kitu. Na asubuhi anakuja kazini na uso ambao mtaalamu wa hotelini angeuita uchovu wa kazini.

Walipiga hesabu nyingine ndogo. Chukua ovadrafti yenye ada ya shilingi 20 kwa siku. Haionekani kitu, ni mahamri mawili. Siku 25 ni shilingi 500. Ndiyo warsha nzima, na chai yake, na kupimwa presha. Yupo aliyekuwa akisema hana 500 za kuchanga, na alikuwa akizilipa kila mwezi bila kujua zinakokwenda.

Hawakuapa kuacha mikopo. Walikubaliana kila mmoja aandike deni moja la kulimaliza kwanza, lile lenye ada ya kila siku, na mwezi unaofuata aseme tu "bado" au "nimemaliza". Siku niliyokuwepo waliulizana. "Bado" zilikuwa nyingi. "Nimemaliza" nilihesabu sita, na kila moja ilipigiwa vigelegele na upande wa akina mama.

Presha

Nirudi kwenye ile pembe ya muuguzi.

Mama wa usafi wa maabara, yule aliyekosa hoteli, alipimwa mwezi wa kwanza aliokuja. Ikasoma 178 kwa 104. Muuguzi hakumwambia kitu. Alimkalisha dakika tano, mgongo umeegemea ukuta, miguu chini, mkono umelazwa sawa na kifua, na akamkataza kuzungumza, jambo ambalo wenzake walisema ndilo lililokuwa gumu. Alipopima tena, 172 kwa 102. Akampima mkono wa pili. Ileile.

Kipimo cha siku moja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Kwa kawaida daktari hutaka kuona 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti. Lakini 172 si ya kungoja mwezi ujao. Muuguzi alimwandikia kikaratasi aende hospitali ya umma Jumatatu asubuhi. Yule mama akasema Jumatatu ni zamu, akikosa anakatwa, na nauli pia hana. Fundi wa maabara akasema zamu ataifanya yeye. Mzee wa karibu miaka sitini, siku hiyo akaosha sakafu ya maabara yake mwenyewe. Nauli ilitoka kwenye zile 2,980.

Sasa anatumia dawa kila siku. Aliniambia kitu kigumu kwake si dawa, ni chumvi. "Mbaazi bila chumvi, mwanangu, ni adhabu." Hutembea kutoka chuoni hadi nyumbani kwa sababu muuguzi alimwambia dakika 150 za mwendo kwa wiki zinatosha kwa mtu mzima, nusu saa kwa siku tano. Nauli anayookoa ndiyo anayochangia. Na ndiye yule kiongozi wa pili wa akaunti, anayethibitisha malipo akiwa ghorofa ya tatu.

Nilimuuliza kama kofia anashona. Akasema macho hayampi, ila anapenda kukaa karibu na wanaoshona. Zamani nyumbani kwao kila mtu alikuwa na sindano mkononi jioni, na yeye tangu aajiriwe mikono yake imeshika fagio tu.

Kama ofisini kwenu mnataka kuanza

Wengi mmetuandikia mkiuliza akaunti ya kikundi inafunguliwaje, na maelezo ya hatua kwa hatua yapo kwenye ukurasa wa msaada. Ninachoongeza kutokana na Mji wa Kale ni kwamba msianze na akaunti. Anzeni kwa kusimama getini asubuhi moja na kuandika kila anayeingia kufanya kazi, awe ameajiriwa na nani. Halafu ndiyo mchague kiasi. Ikiwa wa mwisho kwenye orodha hiyo hawezi kukitoa, punguzeni samaki, bakieni na mahamri.

Na andikeni mapema pesa iliyobaki itatumika kwa nini na nani anaamua. Kikundi hiki hakikuandika. Siku ya nauli ya hospitali hakuna aliyepinga, lakini mwezi uliofuata mtu aliomba 1,500 za kukarabati pikipiki, na wakabishana mpaka maghrib. Hawajamaliza.

Nilipoondoka walikuwa wakikunja mikeka. Mwenye chumba alikuwa amesimama kwenye ngazi akingoja 2,000 zake. Mhadhiri alikwisha kuidhinisha, mama wa usafi akaidhinisha. Mtunza maktaba alikuwa bado akitafuta miwani, na katibu wa usajili alikuwa amemshikia mkoba ili atafute vizuri.